Maswali ya Wasomaji: Uimbaji wa Kanisa la Bizanti na Watunzi Wake

Wasomaji kadhaa wametuandikia kuhusu muziki wa ibada uliokua katika Milki ya Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya mashariki, na ambao hadi leo unaimbwa katika makanisa ya Kiorthodoksi. Tumeyapanga maswali yao kwa kufuata mfuatano wa historia.

Swali: Je, uimbaji huu ulibuniwa Konstantinopoli, au ulitoka mahali pengine? Nimesoma pia kwamba ala za muziki hazikuruhusiwa. Ni kweli?

Konstantinopoli (Istanbul ya leo), mji uliozinduliwa kuwa makao ya kaisari mwaka 330, ndio ulioupa uimbaji huu fahari yake, lakini mizizi yake imetapakaa katika pwani yote ya mashariki ya Bahari ya Kati. Yerusalemu ilichangia utaratibu wa sala na sikukuu, Siria ikachangia ushairi, na Misri imetuhifadhia ushahidi wa kale kuliko wote: kipande cha mafunjo kilichofukuliwa Oxyrhynchus na kuchapishwa mwaka 1922, chenye wimbo wa Kikristo wa Kigiriki wa mwisho wa karne ya 3, ambao mahadhi yake yameandikwa kwa herufi walizozitumia Wagiriki wa kale kuandikia muziki. Baada ya wimbo huo hatuoni mahadhi yoyote ya Kikristo yaliyoandikwa kwa karne nyingi. Waimbaji waliyabeba kichwani, na kila mmoja alimrithisha mwanafunzi wake kwa mdomo.

Kuna pia wimbo wa jioni unaomsalimu Kristo kuwa Nuru yenye furaha. Basili Mkuu, aliyeishi karne ya 4, aliutaja kuwa ulikuwa tayari wa kale katika siku zake, na ungali unaimbwa kila jioni.

Ukubwa wa shughuli hii katika mji mkuu unadhihirika katika sheria aliyoitoa Kaisari Justinian mwaka 535 ili kupunguza gharama za Kanisa Kuu, yaani Hagia Sophia. Aliweka kikomo cha mapadre 60, mashemasi 100, mashemasi wa kike 40, mashemasi wadogo 90, wasomaji 110 na waimbaji 25. Huko ndiko kupunguza. Miaka miwili baadaye jengo jipya la Hagia Sophia lilizinduliwa, na mtu akifikiria jinsi sauti inavyochelewa kufifia chini ya kuba lile, ataelewa kwa nini mahadhi ya polepole, yenye sauti zinazovutwa, yalipata makao mema humo.

Kuhusu ala, ndiyo, ibada ilitegemea sauti ya mwanadamu peke yake. Wabizanti hawakukosa ala. Kinanda cha mabomba kilipigwa katika kumbi za kaisari na katika uwanja wa mashindano ya farasi, na mwaka 757 Kaisari Constantine wa Tano alimpelekea mfalme wa Wafaranki kinanda cha namna hiyo kuwa zawadi. Ila kanisani hakikuingizwa, kwa kuwa kazi ya muziki humo ilikuwa kulibeba neno, na ala haina neno la kutamka.

Swali: Ni nani anayehesabiwa kuwa mtunzi mkubwa wa kwanza, na alitunga nini hasa?

Jibu la karibu kila mtaalamu ni Romanos, anayeitwa Mtunzi wa Mahadhi. Alizaliwa Emesa, mji wa Siria unaoitwa leo Homs, akawa shemasi Beirut, kisha akahamia Konstantinopoli wakati wa Kaisari Anastasius, aliyetawala kuanzia mwaka 491 hadi 518. Wasifu wake unasimulia kwamba usiku wa kuamkia Krismasi alimwona Mama wa Mungu ndotoni akimpa karatasi iliyokunjwa na kumwamuru aile. Alipoamka alipanda mimbarini na kuanza kuimba wimbo wa kuzaliwa kwa Kristo, ambao ubeti wake wa utangulizi unaimbwa hadi sasa kila Krismasi.

Utungo aliouinua hadi kilele chake unaitwa kontakio. Ni mahubiri marefu yaliyotungwa kwa ushairi: kuna ubeti mfupi wa utangulizi, halafu zinafuata beti nyingi, mara kwa mara kati ya 18 na 24, zote zikiwa na idadi ileile ya silabi na mikazo katika mishororo inayolingana, ili mahadhi ya ubeti wa kwanza yazichukue zote zilizobaki. Kila ubeti unaishia kwa kiitikio kilekile, nacho ndicho kilichowapa waumini nafasi ya kuitikia. Herufi za kwanza za beti, zikisomwa kutoka juu hadi chini, huunda maneno, na Romanos alizoea kujitambulisha humo kuwa mnyonge. Msomaji aliyezoea kuhesabu mizani na kutafuta kibwagizo atajikuta mahali anapopafahamu.

Ninaamini ukuu wake haumo katika ufundi huo, ambao washairi wa Kisiria kama Efremu, aliyefariki mwaka 373, walikwisha kuutumia kwa namna yao. Umo katika mazungumzo. Watu wa Biblia wanazungumza ndani ya beti zake, wanahoji, wanalia, wanabishana. Katika kontakio ya Maria msalabani, mama anamfuata mwanawe njiani na kumuuliza anakwenda wapi kwa haraka hivyo, kana kwamba kuna arusi nyingine kule Kana. Na kiitikio kinachorudi mwisho wa kila ubeti kinamwita Yesu mwana na Mungu. Kinapotoka kinywani mwa mama anayeomboleza kinakuwa na uzito mmoja, na kinapotokea baada ya maneno ya Kristo mwenyewe kinakuwa na uzito mwingine, ingawa hakuna silabi iliyobadilika. Tungo takriban 60 zinazokubaliwa kuwa zake zimetufikia. Mahadhi aliyoyaimba yeye hayakutufikia, kwa kuwa muziki wa kontakio ulianza kuandikwa karne nyingi baada ya kifo chake, na ulioandikwa wakati huo ni wa kurembwa sana na ulikusudiwa kwa mwimbaji wa peke yake.

Swali: Ikiwa kontakio ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini ilipisha kanoni? Na kanoni ni kitu gani?

Kanoni ni mfululizo wa nyimbo tisa unaoimbwa katika sala ya alfajiri, na kila wimbo umefungamanishwa na wimbo mmoja wa Biblia, kuanzia ule wa Musa baada ya kuvuka bahari, kupitia Hana, Habakuki, Isaya, Yona na vijana watatu katika tanuri, hadi wimbo wa Maria na wa Zakaria katika Injili ya Luka. Ubeti wa kwanza wa kila wimbo, unaoitwa hirmo, ndio unaoweka mahadhi na mizani, na beti zinazofuata hupita katika njia hiyohiyo. Wimbo wa pili, uliojengwa juu ya maonyo makali ya Musa, huachwa katika kanoni nyingi.

Kwa hiyo kontakio ina mahadhi ya namna moja kwa beti zote, ilhali kanoni inabadilisha mahadhi kila wimbo unapobadilika, ikibaki katika sauti ileile moja, kati ya zile sauti nane nitakazozieleza chini, tangu mwanzo hadi mwisho. Aina hii ya utungo ililelewa Palestina, katika sala za watawa, na utaratibu wa watawa ulipopata nguvu katika mji mkuu, kanoni nayo ikaingia. Kontakio ilibakizwa utangulizi na ubeti mmoja tu, ikawekwa katikati ya kanoni, baada ya wimbo wa sita. Ni hasara kubwa kwa mpenda ushairi, nami sioni sababu ya kuificha.

Hata hivyo watunzi wa kanoni hawakuwa wadogo. Andrea wa Krete, aliyezaliwa Damasko katika karne ya 7, alitunga Kanoni Kuu ya toba, yenye beti takriban 250, ambayo huimbwa katika Kwaresima na ambayo mwimbaji wake anapita Biblia nzima akijilinganisha na wakosaji na watubu wa kila zama. Yohane wa Damasko, ambaye jamaa zake walikuwa watumishi wa makhalifa wa Bani Umayya, aliuacha mji huo akawa mtawa katika nyika ya Yudea, upande wa Yerusalemu, na anahesabiwa kuwa mtunzi wa kanoni ya Pasaka, utungo wa furaha isiyokatika. Kosmas, ambaye mapokeo yanamwita ndugu yake wa kulelewa, alikuwa askofu wa Maiuma karibu na Gaza, naye ndiye mtunzi wa kanoni ya Krismasi.

Kazi iliendelea katika monasteri ya Stoudios, Konstantinopoli, chini ya abati Theodore, aliyefariki mwaka 826, katikati ya ugomvi mkali juu ya picha takatifu uliokwisha mwaka 843. Baada yake alikuja Yosefu, mzaliwa wa Sisilia, ambaye kanoni zake zimejaza vitabu vya sala za kila siku za mwaka. Vitabu vilipojaa, nafasi ya mashairi mapya ilipungua sana. Jambo hilo ndilo lililougeuza mkondo wa historia hii, kama nitakavyoeleza chini.

Swali: Je, kulikuwa na wanawake miongoni mwa watunzi?

Walikuwapo, na aliye maarufu kuliko wote ni Kassia, aliyezaliwa mwanzoni mwa karne ya 9 na kuanzisha monasteri ya wanawake Konstantinopoli. Barua alizoandikiwa na Theodore wa Stoudios zimesalia, nazo zinaonyesha kwamba tangu ujanani alikuwa msomi na mtetezi wa picha takatifu. Wanahistoria wa Kibizanti wa baadaye wanasimulia kwamba aliletwa mbele ya Kaisari Theophilos siku ya kuchagua mchumba. Kaisari akasema kwamba kwa mwanamke yalitoka mabaya, naye akajibu kwamba kwa mwanamke yalitoka pia yaliyo bora, na kwa jibu hilo akakosa kuchaguliwa. Kisa hiki hurudiwa kiasi cha kuufunika utunzi wake, na utunzi wake ndio unaostahili kusikilizwa.

Wimbo wake wa Jumatano Kuu unamhusu mwanamke mwenye dhambi aliyempaka Yesu manukato. Mwanamke huyo anazungumza mwenyewe, anaiita dhambi yake usiku usio na mwezi, anamwomba Yule ayavutaye maji ya bahari kuwa mawingu apokee chemchemi za machozi yake. Katika Krismasi huimbwa utungo wake mwingine, wenye hoja iliyopangwa kwa umakini: Augusto alipotawala peke yake, falme nyingi za watu zilikoma, na Kristo alipozaliwa, miungu mingi ilikoma. Mishororo inakwenda jozi kwa jozi na mahadhi yake yanajirudia kwa jozi hizohizo, hivyo kwamba sikio linaifuata hoja hata kabla akili haijamaliza kuipima. Sijui mfano bora zaidi wa maneno na muziki vilivyotungwa na akili moja kwa wakati mmoja.

Swali: "Sauti nane" ni ngazi nane za muziki?

Ngazi ni sehemu tu ya maana yake. Kila sauti ina noti yake ya msingi, vituo vyake vya kupumzikia, na hazina ya vipande vya mahadhi ambavyo mwimbaji anavitambua na kuviunganisha. Nne ni kuu na nne ni tanzu zake, na utanzu wa tatu huitwa sauti nzito. Kila juma lina sauti yake, katika mzunguko wa majuma nane unaoanza upya kila mwaka baada ya Pasaka. Mapokeo humpa Yohane wa Damasko heshima ya kuupanga utaratibu huu, lakini kitabu cha nyimbo cha Yerusalemu, kilichohifadhiwa katika tafsiri ya Kijojia, kinaonyesha kwamba nyimbo zilikwisha kupangwa kwa sauti nane kabla ya wakati wake.

Swali: Muziki huu uliandikwaje, na kwa nini Koukouzeles anaitwa mwalimu mkuu?

Maswali haya mawili ni mamoja, na msomaji amefanya vema kuyaweka pamoja.

Mahadhi yalianza kuandikwa kwa alama katika karne ya 10. Alama za mwanzo zilimkumbusha mwimbaji wimbo aliokwisha kuujua. Asiyeujua asingeweza kuupata humo. Katika karne ya 12 yakatokea mageuzi makubwa, kwa kuwa kila alama ilipewa thamani kamili ya hatua: moja inasema rudia noti uliyotoka kuiimba, nyingine panda hatua moja, nyingine shuka hatua moja, nyingine ruka mbili au zaidi. Alama haitaji noti yenyewe, inataja umbali kutoka noti iliyotangulia, kwa hiyo mwimbaji akikosea hatua moja huwa amekosea kila kinachofuata mpaka akutane na alama ya kumthibitishia mahali alipo. Pamoja na hizo zilikuwapo alama kubwa zilizoonyesha namna ya kuimba, yaani kukaza, kulegeza au kutikisa sauti, na kiongozi wa kwaya aliziashiria pia kwa mkono.

Sasa, mahadhi yakishaweza kuandikwa kikamilifu, mtu anaweza kutunga mahadhi mapya juu ya maneno ya zamani na kuyatia jina lake. Hapo ndipo anapoingia Ioannes Koukouzeles. Alizaliwa Dyrrachium, mji wa pwani unaoitwa leo Durrës nchini Albania, karibu na mwaka 1280, akasomea muziki Konstantinopoli, kisha akaliacha jumba la kaisari na kuwa mtawa katika Lavra Kuu, monasteri ya mlima Athos, Ugiriki. Masimulizi ya Athos yanasema kwamba alikuwa akichunga mbuzi huko bila kujulikana, na siku moja alipoimba, mbuzi waliacha kula wakasimama kumsikiliza, ndipo siri yake ikafichuka.

Yeye na wenzake, miongoni mwao Ioannes Glykys aliyekuwa mwalimu wake na Xenos Korones, waliendeleza mtindo wa kuremba mahadhi. Walichukua wimbo wa kale, wakarefusha silabi, wakarudia maneno na kuyapanga upya, na mwishoni wakaachana kabisa na maneno na kuimba silabi zisizo na maana, kama te-ri-rem, kwa kurasa nzima. Hati ya mwaka 1336 iliyomo katika Maktaba ya Taifa ya Ugiriki, Athens, ndiyo ya kale kuliko zote zenye mkusanyo wa namna hii, na majina ya watunzi yamejaa humo.

Ni rahisi kudhani kwamba hapa neno lilisalitiwa. Mimi nadhani kinyume, na ninamfuata shahidi aliye karibu zaidi, Manuel Chrysaphes, mwimbaji wa kaisari wa mwisho, aliyeandika mwaka 1458 kwamba Koukouzeles katika tungo zake zilizorembwa hakuyaacha mahadhi ya kale bali aliyafuata hatua kwa hatua. Neno lilikuwa limekwisha kusemwa na Romanos, Andrea na Kassia, na kila mwimbaji alilijua kwa moyo. Kilichobaki kwa karne ya 14 kilikuwa kukaa nalo kwa muda mrefu, na hizo te-ri-rem ni sala ya mtu ambaye maneno yamemwishia.

Swali: Konstantinopoli ilipotekwa na Waturuki mwaka 1453, uimbaji huu ulinusurikaje?

Ulinusurika kwa sababu haukuwa wa jumba la kaisari peke yake. Watawa wa Athos na Sinai waliendelea kunakili, Krete chini ya Venezia ikawa na waimbaji wake hadi ilipotekwa mwaka 1669, na Patriaki wa Konstantinopoli alibaki na kwaya zake mbili, ya kulia chini ya protopsalti na ya kushoto chini ya lampadario. Karne ya 17 na mwanzo wa karne ya 18 zilileta watunzi wenye nguvu, kama Balasios na Petros Bereketis. Baadaye Petros wa Peloponesi, lampadario wa Patriaki, aliyefariki kwa tauni mwaka 1778, aliyaweka katika maandishi mahadhi mafupi ya sauti nane yaliyokuwa yakiimbwa katika enzi yake, na kazi yake ndiyo msingi wa uimbaji wa parokia hadi leo.

Tatizo lilikuwa maandishi. Alama zilizidi kuwa nyingi na mafunzo yalichukua miaka mingi. Mwaka 1814 watu watatu, Chrysanthos wa Madytos, Gregorios protopsalti na Chourmouzios mtunza nyaraka, walileta Mbinu Mpya: walipunguza alama, wakaweka wazi urefu wa kila noti, na wakazipa noti saba majina pa, vu, ga, di, ke, zo, ni, yanayofuata herufi saba za kwanza za Kigiriki. Vitabu vya kwanza vilichapwa Bucharest mwaka 1820. Chourmouzios aliandika upya kwa mbinu hiyo hazina kubwa ya tungo za kale, na bila subira yake tusingekuwa na njia ya kuzisoma kama waimbaji wa wakati wake walivyozielewa. Kamati ya Patriaki ya mwaka 1881 iliigawa oktava, yaani ngazi nzima kutoka noti moja hadi inaporudi juu yake, katika sehemu 72, ambapo hatua za ngazi ya kawaida zina sehemu 12, 10 au 8. Kinanda cha Kizungu, chenye nusu-toni sawasawa, hakiwezi kuzipiga.

Swali: Ninachosikia leo ni cha kale kiasi gani, na nikitaka kuanza kusikiliza nianzie wapi?

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu. Egon Wellesz, H. J. W. Tillyard na Carsten Høeg, walioanzisha Copenhagen mwaka 1931 mradi wa kuchapisha hati za muziki wa Bizanti, walizisoma alama za kale kwa thamani yake ya wazi, noti moja kwa alama moja. Wagiriki waliomfuata Konstantinos Psachos walisema kwamba alama hizo ni ufupisho, na kwamba nyuma ya kila kundi la alama kuna mahadhi marefu ambayo mwalimu alimfundisha mwanafunzi kwa mdomo. Nionavyo, kila upande ulishika sehemu ya ukweli: nyimbo fupi, ambazo kila silabi ina noti moja au mbili, zinaweza kufuatiliwa nyuma kwa karne nyingi bila shida kubwa, lakini zile ndefu zimepita mikononi mwa wengi, na kila mkono umeacha alama yake. Ile sauti ya chini inayoshikiliwa bila kubadilika, iitwayo isoni, ambayo msikilizaji mgeni huidhania kuwa ya kale kuliko yote, ushahidi wake ulio wazi unapatikana baada ya mwaka 1453.

UNESCO iliuingiza uimbaji huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019, kwa ombi la Kupro na Ugiriki. Kwa anayeanza, nashauri kanoni ya Pasaka kwanza, kisha wimbo wa Kassia wa Jumatano Kuu, akiwa na tafsiri ya maneno mkononi. Ashike sauti moja kwa wakati mmoja, aisikilize mpaka avitambue vituo vyake. Koukouzeles ni wa baadaye: mtu asiyeyajua mahadhi mafupi hana namna ya kutambua ni kitu gani kilichorembwa.